Mionzi ya koo: kabla ya kuuliza mashine gani, uliza nini kitakingwa

Swali: Daktari, nina miaka 54, ni mwalimu, na sijawahi kuvuta sigara. Nimepatikana na saratani sehemu ya nyuma ya ulimi, na imeshafika kwenye matezi mawili ya shingo upande wa kushoto. Majibu ya maabara yanasema imetokana na kirusi cha HPV. Nimepangiwa mionzi mara 35 pamoja na dawa ya dripu. Kuna mama ninayemfahamu aliyepigwa mionzi ya shingo miaka mingi iliyopita. Hadi leo chupa ya maji haimtoki mkononi, meno yamemwisha na hawezi kula kitu kikavu. Naambiwa siku hizi kuna mashine zisizo na madhara hayo. Ni kweli? Nitafute mionzi ya protoni? Na je, naweza kuomba dozi ipunguzwe, maana nimesikia saratani ya aina hii inatibika kirahisi? Naogopa nipone halafu nishindwe kula na kufundisha.

Jibu: Dada, pole sana. Na asante kwa kueleza saratani iko wapi na imefika wapi; wengi huniuliza habari za mionzi bila kutaja hayo, nami nabaki kukisia.

Nianze na majibu mafupi. Mambo yamebadilika tangu huyo mama atibiwe, tena sana. Lakini mashine isiyo na madhara haipo, na atakayekuambia ipo muulize anauza nini. Protoni isikunyime usingizi. Kuhusu kuomba dozi ipunguzwe, ushauri wangu ni usiombe, na nitakueleza sababu. Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba nafuu wanayoipata wagonjwa wa leo haikuletwa na mashine mpya peke yake. Imeletwa na watu wanaokaa mbele ya picha za shingo, wakachora kiungo kimoja kimoja, wakaamua kipi lazima kipate dozi kamili na kipi kikingwe. Mashine ileile, ikipewa maagizo tofauti, inamwacha mgonjwa na maisha tofauti. Hili limepimwa, na nitakuonyesha lilivyopimwa.

Kwanza tuelewe kilichompata huyo mama. Zamani shingo ilipigwa mionzi kutoka kulia na kushoto, miale miwili mipana inayokutana katikati. Daktari alijiongoza kwa picha za eksirei zinazoonyesha mifupa, akaweka vizuizi vya risasi hapa na pale, na karibu kila kilichokuwa kati ya miale hiyo kilipata dozi. Tezi kubwa za mate, zile zilizoko mbele na chini kidogo ya masikio, zilikuwa njiani pande zote mbili. Tezi hizo ni dhaifu mbele ya mionzi. Dozi tunaipima kwa kizio kiitwacho grei. Saratani kama yako huhitaji takriban grei 70 ili iishe, lakini tezi ya mate ikipata wastani unaozidi grei 26 hivi, uwezo wake wa kurudia kazi hushuka sana. Kwa ile mbinu ya zamani kiwango hicho kilivukwa kabla hata nusu ya tiba haijafika. Na mate yakikauka, meno hayachelewi kufuata, maana mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi kinywani na kuyarudishia meno madini yake. Meno ya huyo mama hayakuisha kwa uzembe wake.

Mbinu iliyobadilisha hali hiyo inaitwa IMRT. Ndani ya kichwa cha mashine kuna safu mbili za vipande vyembamba vya metali nzito, makumi ya vipande, kila kimoja kikisogea peke yake kuziba au kufungua njia ya mionzi. Miale hutoka pembe nyingi, na katika kila pembe vipande hivyo hubadilisha umbo la mwale na nguvu yake. Aina yake mpya zaidi, VMAT, hupiga huku mashine ikizunguka, ndiyo maana siku hizi mgonjwa hulala chini ya mionzi yenyewe kwa dakika chache tu. Kinachoamua matokeo, hata hivyo, ni maagizo. Daktari na mwanafizikia wa tiba huiambia kompyuta: hapa grei 70, uti wa mgongo usizidi kiasi fulani, tezi hii ya mate ibaki chini ya 26, taya lipate kidogo iwezekanavyo. Kompyuta hujaribu maelfu ya mipangilio hadi ipate ule unaokaribia masharti hayo. Kisichochorwa kwenye picha kompyuta haikijui, na kisichojulikana hakikingwi.

Utafiti uliotuthibitishia faida hiyo ni PARSPORT, wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 94 wenye saratani ya koo waligawanywa kwa kura, wengine wakapata mionzi ya kawaida, wengine IMRT inayokinga tezi za mate. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa na ukavu wa mdomo wa kusumbua walikuwa asilimia 74 katika kundi la kwanza na 38 katika kundi la IMRT. Baada ya miaka miwili pengo liliongezeka: 83 dhidi ya 29. Angalia tarakimu hizo zinavyokwenda. Kwa mbinu ya zamani hali haikuwa ikitengemaa. Kwa IMRT tezi zilikuwa zikiamka taratibu. Na saratani haikurudi zaidi kwa sababu ya kukinga tezi, jambo lililokuwa likitutia hofu.

Kuna jambo katika utafiti huohuo ambalo huwa halitajwi mashine zinaposifiwa. Wagonjwa wa IMRT walichoka zaidi wakati wa tiba, 74 kwa kila mia dhidi ya 41. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mionzi iliyoondolewa kwenye mashavu ilipita kwingine, ikiwamo sehemu ya nyuma ya ubongo ambayo zamani haikuguswa. Ndivyo mionzi ilivyo: ukiifukuza mahali, lazima ipite pengine, na kazi ya mpangaji ni kuchagua pengine hapo kwa busara. Ukichoka sana kuanzia wiki ya tatu, usifikiri unajidekeza.

Jingine ulijue mapema. Tezi za mbele ya masikio hufanya kazi zaidi wakati wa kula. Mate ya muda wa kawaida, pamoja na ya usiku, hutoka zaidi kwenye tezi za chini ya taya, na hizo zimekaa jirani kabisa na matezi ya shingo yenye saratani. Upande wako wa kushoto tezi hiyo huenda isikingike. Wa kulia, iwapo matezi ya huko ni safi, mara nyingi inawezekana kupunguziwa dozi. Ndiyo sababu mgonjwa wa leo anaweza kula mkate wake bila shida mchana, kisha akaamka saa nane usiku ulimi umegandana na kaakaa. Maji kando ya kitanda na jeli ya kulainisha mdomo vitakusaidia. Lakini ule ukavu wa kutembea na chupa kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, leo si jambo la lazima.

Sasa kumeza. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa zaidi, ingawa wagonjwa huuliza mate kwanza. Ukavu unasumbua, lakini koo lisilomeza vizuri hubadilisha maisha yote: chakula hupitia njia ya hewa, mapafu yanashambuliwa, na mtu huanza kukwepa kula mbele za watu. Nyuma ya koo kuna misuli mitatu inayobana chakula na kukisukuma kwenda chini. Ikipata dozi kubwa inakuwa migumu, hukakamaa polepole, na hali inaweza kuendelea kuwa mbaya miaka mingi baada ya tiba.

Utafiti wa DARS, uliofanyika Uingereza na Ayalandi na kuchapishwa mwaka 2023, uliuliza swali moja: tukiichora misuli hiyo na kuiagiza kompyuta ipunguze dozi yake, wagonjwa watameza vizuri zaidi? Walikuwa 112, na wote walipata IMRT. Mashine zilikuwa za aina moja na saratani ilipewa dozi ileile. Tofauti ilikuwa kwenye maagizo tu. Mwaka mmoja baadaye walipojaza dodoso kuhusu kumeza, ambalo alama zake huanzia 20 hadi 100, waliokingwa misuli walipata wastani wa 77.7 na wenzao 70.6. Wagonjwa hawakuambiwa wako kundi gani, kwa hiyo si suala la mtu kujisikia vizuri kwa sababu ameahidiwa kitu kipya.

Ndiyo maana nakushauri usianze kwa kuuliza jina la mashine. Ukikutana na daktari wako, muulize: misuli ya kumeza imechorwa kwenye mpango wangu? Tezi ya mate ya upande wa kulia itapata wastani wa grei ngapi? Mtachukua picha kila siku kabla ya kupiga? Daktari mzuri hatachukia. Atakufungulia skrini akuonyeshe rangi: nyekundu pale penye dozi kamili, buluu pale palipokingwa. Na akikuambia kiungo fulani hakikingiki kwa sababu saratani imekigusa, mkubalie. Kukinga misuli kwa gharama ya kuacha saratani nusu hakuna faida. Kwako wewe, nyuma ya ulimi ni katikati ya koo, kwa hiyo shingo itatibiwa pande zote mbili; upande wa kulia kwa dozi ndogo kuliko wa kushoto.

Protoni ni chembe zinazoingia mwilini, zikaachilia nguvu zao nyingi zinapokaribia kusimama, kisha hazivuki zaidi ya hapo. Eksirei, ambazo ndizo zinazotumika kwenye IMRT, hupenya na kutokea upande wa pili. Kwa karatasi protoni zinashinda. Kwa wagonjwa matokeo hayajapangika hivyo. Utafiti mkubwa wa Marekani wenye wagonjwa 440 wa saratani ya koo ulionyesha kuwa protoni zinadhibiti saratani sawa na IMRT, na walioishia kutegemea mrija wa kulishia walikuwa zaidi kidogo ya robo, badala ya wawili kati ya kila watano. Hiyo si tofauti ndogo. Lakini utafiti wa Uingereza uitwao TORPEdO, ulipowauliza wagonjwa hali zao mwaka mmoja baada ya tiba, haukuona tofauti ya maana kati ya makundi. Huenda sababu ni kwamba IMRT iliyolinganishwa nayo ilikuwa imepangwa kwa ustadi mkubwa. Hukumu yangu ni hii: protoni zikiwapo unapotibiwa na daktari akaona zinakufaa, zipokee. Kuchelewesha tiba kwa wiki kadhaa ili kuzifuata mbali, au kuuza ulivyonavyo, sikushauri kwa saratani ya nyuma ya ulimi. Mtoto, au mtu mwenye uvimbe chini ya fuvu karibu na mishipa ya macho, ningemjibu tofauti.

Tuje kwenye dozi. Uliyosikia yana ukweli ndani yake. Saratani ya koo inayotokana na HPV hutibika vizuri kuliko ile ya sigara na pombe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa baada ya miaka mitatu asilimia 82 ya wenye HPV walikuwa hai, dhidi ya 57 ya wasio nayo. Wewe huvuti sigara, kwa hiyo uko upande mzuri. Wazo la kupunguza makali ya tiba kwa watu kama wewe ni la maana, na limejaribiwa kwa dhati. Kwanza walijaribu kubadilisha sisplatini, ambayo nadhani ndiyo dripu yako, na kuweka setuksimabu, dawa iliyodhaniwa kuwa laini zaidi. Majaribio mawili makubwa yaliyotoa matokeo mwaka 2018 yalikuta waliopewa setuksimabu wanakufa zaidi, na kwa ujumla madhara makali hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Kisha wakajaribu kushusha mionzi kutoka grei 70 hadi 60 kwa wagonjwa wasio na historia kubwa ya sigara. Matokeo yalitolewa mwaka 2024. Miaka miwili baada ya tiba, kati ya waliopata tiba kamili, waliobaki bila saratani walikuwa asilimia 98. Katika makundi ya dozi ndogo ilikuwa kama 90 au pungufu kidogo. Asilimia 98 ni matokeo ambayo huwa tunayaota tu katika kazi hii. Sioni sababu ya kuyachezea nje ya utafiti unaosimamiwa. Ukialikwa kwenye utafiti rasmi wa kupunguza dozi, usikilize kwa makini uone masharti yake, lakini usiombe mwenyewe chumbani kwa daktari apunguze tu.

Kwa hiyo tunakinga kilicho jirani na saratani, na saratani yenyewe tunaipa dozi yote.

Kwa nini mara 35? Kwa sababu tangu miaka ya 1920, pale Paris, Claude Regaud na Henri Coutard walionyesha kuwa dozi ikigawanywa kwa wiki nyingi saratani ya koo hufa huku ngozi na utando wa koo vikipata nafasi ya kujijenga. Ila kugawanya kuna sharti lake. Saratani nayo ikipata nafasi hujijenga, na baada ya wiki tatu au nne za tiba seli zilizobaki huanza kuzaana kwa kasi. Wadenmarki walilipima hili kwa wagonjwa karibu 1,500: dozi ileile, kundi moja likipigwa mara tano kwa wiki, jingine mara sita ili limalize wiki moja mapema. Miaka mitano baadaye saratani ilikuwa imedhibitiwa kwa asilimia 60 kundi la kwanza na 70 la pili. Wiki moja tu, asilimia kumi. Kila siku unayoiongeza kwenye ratiba inakukata kama asilimia moja, pengine zaidi. Msiba, harusi, mitihani ya wanafunzi: panga vyote nje ya wiki hizo saba. Mashine ikiharibika, au sikukuu ikiangukia siku ya kazi, uliza mapema watafidia vipi. Wanaweza kukupiga mara mbili kwa siku wakiacha angalau saa sita katikati, au Jumamosi.

Kabla ya siku ya kwanza, nenda kwa daktari wa meno. Narudia jambo hili kwa kila mgonjwa hadi wananichoka. Jino bovu la nyuma, lililo kwenye eneo la dozi kubwa, ling'olewe sasa na kidonda kipewe wiki mbili au tatu kupona kabla ya mionzi. Baada ya mionzi mfupa wa taya la chini unabaki na damu kidogo. Uking'oa jino miaka mitano baadaye bila tahadhari, tundu linaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa. Wengine wamekuwa wakipelekwa kwenye chumba cha oksijeni yenye shinikizo kabla ya kung'olewa ili kuzuia hilo, lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 haukuona kinga yoyote. Kinga ya kweli ni meno safi kabla, floraidi kila siku maisha yako yote, na kumwambia kila daktari wa meno utakayeonana naye kwamba taya hilo limepigwa mionzi. Omba pia kipimo cha masikio kabla ya sisplatini, kwa sababu dawa hiyo huweza kuondoa uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na mwalimu anazihitaji sauti za watoto wa dawati la nyuma. Ukianza kusikia mlio masikioni, sema siku hiyohiyo; dawa inaweza kubadilishwa au kugawanywa.

Utatengenezewa barakoa ya plastiki. Inalainishwa kwenye maji ya moto, inawekwa usoni ikiwa na uvuguvugu, na baada ya dakika chache inakauka kwa umbo la uso na mabega yako. Inabana. Ina matundu, unapumua vizuri, lakini mtu mwenye hofu ya kufungiwa anaweza kushtuka. Sema mapema, kuna njia za kukusaidia. Barakoa hiyo ndiyo inayoturuhusu kuacha ukingo wa milimita tatu hadi tano tu kuzunguka saratani, na bila ukingo mwembamba hakuna cha kukingwa.

Hapo ndipo uzito wa mwili unapoingia. Ukikonda, barakoa inalegea. Wakati huohuo tezi za mate zenyewe husinyaa katika wiki za tiba na kusogea ndani kwa milimita chache, yaani zinaelekea palepale tulipokuwa tunazikwepesha. Mpango uliochorwa siku ya kwanza unaanza kutofanana na shingo ya wiki ya tano. Ukiona barakoa inacheza, usiifurahie kwa kuwa haibani tena. Waambie; wapige picha mpya na ikibidi wapange upya. Vituo vingine leo vina uwezo wa kurekebisha mpango kila siku mgonjwa akiwa mezani, lakini hata pasipo na uwezo huo, picha moja mpya katikati ya tiba huweza kuokoa tezi.

Wiki mbili za kwanza utajiuliza watu walikuwa wanalalamikia nini. Wiki ya tatu ladha inapotea, kila kitu kinakuwa kama karatasi. Mate yanakuwa mazito ya kunata. Vidonda vinaanza kooni, vinafikia kilele mwishoni mwa tiba na vinaendelea wiki mbili baada ya hapo, jambo linalowavunja moyo wengi kwa sababu walidhani siku ya mwisho ya mionzi ni siku ya mwisho ya maumivu. Sukutua mara nyingi kwa siku kwa maji yenye kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda katika lita moja. Dawa za kusukutua zenye spiriti ziache. Ukifika pa mofini, kunywa mofini. Nimeona wagonjwa wengi wakiikataa kwa hofu ya kuzoea, wakaacha kula kwa maumivu, wakalazwa, wakakosa siku za mionzi. Mofini ya wiki chache kwa maumivu halisi, chini ya uangalizi, ukaipunguza taratibu, haikugeuzi mteja wa dawa za kulevya.

Na umeze. Hata ukiwekewa mrija wa kulishia, endelea kumeza kitu kila siku: uji mwepesi, mtindi, maji kijiko kwa kijiko. Misuli ya koo isiyotumika hunyong'onyea haraka mno. Uchambuzi wa wagonjwa karibu 500 uliotolewa mwaka 2013 ulikuta kuwa walioendelea kula kwa mdomo na kufanya mazoezi ya kumeza hadi mwisho wa tiba ndio waliokuwa na matokeo bora ya kumeza baadaye. Ni kweli wenye hali nzuri ndio wanaoweza kula, kwa hiyo takwimu hizo haziwezi kupewa sifa zote. Lakini fiziolojia ya misuli inakubaliana nazo, na zoezi lenyewe ni la bure. Mtaalamu wa kumeza na usemi akufundishe kabla ya kuanza, siyo vidonda vikiwa vimeshatoka. Moja la kuanza nalo: meza mate kwa nguvu kana kwamba unasukuma kidonge kikubwa, ulimi ukikandamiza kaakaa. Jingine: fungua mdomo kadiri uwezavyo, ushikilie, mara kadhaa kwa siku. Pima kwa vidole vyako vitatu vikiwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vikianza kuingia viwili tu, usingoje kliniki inayofuata, maana taya lililokaza ni gumu sana kulirudisha.

Je, utafundisha tena? Kwa mtu wa umri wako, asiyevuta sigara, mwenye saratani ya aina hii, nategemea hivyo. Panga likizo ya miezi mitano au sita kuanzia siku ya kwanza ya mionzi, na ukirudi, rudi kwa vipindi vichache. Zoloto, kisanduku cha sauti, liko chini ya eneo lako la dozi kubwa na linaweza kukingwa kwa kiasi. Liongeze kwenye maswali yako kwa daktari. Sauti itakauka haraka kwa muda mrefu, kwa hiyo kipaza sauti kidogo cha darasani ni bora kuliko kupiga kelele. Ladha hurudi polepole, kwa wengi ndani ya mwaka.

Karibu wiki 12 baada ya mionzi ya mwisho utapimwa kwa picha ya PET-CT, inayofanya seli zenye shughuli nyingi zionekane ziking'aa, pale inapopatikana, kuona kama matezi ya shingo yamesafishika. Zamani wengi walikatwa shingo hata kama hakuna kilichobaki. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016 wenye wagonjwa 564 ulionyesha kuwa kufuatilia kwa picha hiyo kunatosha, na karibu wanne kati ya watano hawakuhitaji upasuaji. Usikubali picha ifanywe wiki ya sita kwa sababu ya haraka. Uvimbe unaoponyeka bado huwaka kwenye picha na utawatia hofu bure.

Katika miezi hiyo ya mwanzo, ukiinamisha kichwa unaweza kuhisi kama umeme unashuka mgongoni hadi miguuni. Inatisha, mtu hudhani saratani imeingia uti wa mgongo. Mara nyingi ni mishipa ya fahamu inayojirekebisha baada ya mionzi, na hutoweka yenyewe ndani ya miezi. Mwambie daktari, asikie mwenyewe, halafu tulia. Uvimbe laini chini ya kidevu, unaokuwa mkubwa asubuhi na kupungua jioni, ni maji ya limfu yaliyokosa njia, na hukandwa kwa utaratibu utakaofundishwa.

Jingine ni tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo. Mionzi huidhoofisha kwa wengi, mara nyingi mwaka wa kwanza hadi miaka michache baadaye, na dalili zake hujificha: uchovu, baridi, uzito kupanda, huzuni isiyo na sababu. Watu huzisingizia umri, au saratani yenyewe, na wengine hupewa dawa za msongo wa mawazo bure. Kipimo ni cha damu, kinaitwa TSH, na hufanywa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Kikionyesha upungufu, tiba ni kidonge kimoja kwa siku. Kliniki zikijaa hukisahau, kwa hiyo andika mwenyewe kwenye kadi yako tarehe ya mwisho ulipopimwa.